Kutoa upepo kwenye breki ya diski ya pikipiki baada ya kubadili pedi na diski

Diski mpya imefungwa, pedi mpya zimekaa, bolti zote zimekazwa. Unabana leva, nayo inakwenda yote mpaka inagusa mpini bila kukutana na kitu. Wengi hapo hukimbilia spana namba 8 na kuanza kutoa upepo. Subiri kwanza. Kubadili pedi na diski hakufungui njia ya mafuta, kwa hiyo upepo haukupata pa kuingilia. Leva imelegea kwa sababu pistoni ulizozisukuma ndani ya kalipa (kile kifaa kinachobeba pedi na kuibana diski), ili pedi nene zipate nafasi, bado ziko huko ndani. Pampu leva taratibu, bana na kuachia, mara ishirini au thelathini. Kila ukibana, pistoni zinasogea mbele kidogo, mpaka pedi ziiguse diski. Leva ikiwa ngumu, na ikabaki ngumu hata baada ya kuiacha dakika kumi, huna kazi ya kutoa upepo.

Kazi hiyo unayo iwapo leva inabaki laini kama sponji hata baada ya kupampu. Iwapo ulifungua hozi, bolti ya banjo (ile yenye tundu inayounganisha hozi) au masta silinda, yaani pampu ya breki iliyo kwenye usukani chini ya kikopo cha mafuta. Iwapo kikopo cha mafuta kilikauka. Iwapo pistoni zilitolewa kabisa nje ili kubadili sili, ile mipira inayozuia mafuta kuvuja. Au iwapo mafuta yamekuwa ya kahawia, meusi, au yamekaa zaidi ya miaka miwili. Hiyo sababu ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na siku ya kubadili pedi ndiyo siku nzuri ya kuishughulikia, maana kalipa tayari iko mkononi.

Maelezo haya yanahusu breki ya mbele yenye diski moja na kalipa inayoelea, ya pistoni moja au mbili upande mmoja, kama zilivyo pikipiki nyingi za 125 hadi 200 cc zinazobeba abiria barabarani kwetu: Bajaj Pulsar, TVS Apache na nyingine za aina hiyo. Breki inayovutwa kwa waya ni ya dramu. Haina mafuta, na maelezo haya hayaihusu.

Mafuta gani

Soma kifuniko cha kikopo kilicho kwenye usukani. Kimeandikwa aina ya mafuta, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Namba hizi zinahusu hasa joto ambalo mafuta yatachemka. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi, DOT 4 ni 230, DOT 5.1 ni 260. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 viwango hivyo hushuka hadi 140, 155 na 180. Tazama pengo hilo: DOT 4 iliyozeeka inachemka mapema kuliko DOT 3 mpya. Anayeshuka mteremko wa Kitonga akielekea Ruaha Mbuyuni, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, akiwa na abiria na mzigo, akiishikilia breki muda wote, anayapasha mafuta yake joto kubwa. Yakichemka, mvuke unajaa ndani ya kalipa, na mvuke unabonyea kama upepo unavyobonyea. Leva inakwenda chini palepale kwenye kona. Mwambao, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani, hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima, kwa hiyo ile miaka miwili ichukuliwe kuwa ukomo wa juu.

DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja na zinachanganyika. Kilichoandikwa DOT 4 kiwekewe DOT 4. Kupanda hadi 5.1 hakuna madhara, kushuka hadi DOT 3 usifanye. DOT 5, isiyo na ile .1, ni kitu kingine kabisa: ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na haina kazi kwenye pikipiki hizi.

Nunua chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, yenye utepe wake chini ya kifuniko. Ml 250 zinatosha breki ya mbele na baki. Mafuta yaliyomiminwa kwenye chupa ya maji au ya soda usiyapokee hata kama bei ni nusu. Hakuna anayejua yamekaa wazi muda gani. Hata chupa yako mwenyewe uliyoifungua miezi mingi iliyopita, iache.

Na hili lisemwe wazi, maana bado linafanyika: oili ya injini, oili ya gia, hidroliki ya usukani wa gari au mafuta mengine ya petroli hayaingii kwenye breki hata tone moja. Sili za breki zimetengenezwa kwa mpira unaovumilia mafuta ya DOT. Ukikutana na oili unavimba na kulainika. Kwa siku kadhaa breki itaonekana nzima, kisha pistoni zitaanza kukwama, na hapo hakuna kusafisha kutakakosaidia. Ni kubadili sili zote, hozi, na mpira wa ndani ya kifuniko cha kikopo. Maji nayo yanachemka kwa nyuzi 100 na yanaleta kutu ndani ya masta silinda.

Vifaa

Spana ya ringi namba 8 kwa ajili ya niple ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo yenye tundu iliyo kwenye kalipa (baadhi ya kalipa hutumia 7 au 10, jaribu kwanza). Iwe ringi. Spana ya mdomo wazi inakula pembe za niple, na niple iliyolainika pembe ni kazi ya kutoboa. Mpira angavu wa petroli wenye kipenyo cha ndani cha mm 5 hivi, urefu wa nusu mita. Chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kwenye skrubu za kikopo. Bomba la sindano la ml 50 au 60 kutoka duka la dawa. Vitambaa safi, na ndoo ya maji pembeni. Maji ni kwa sababu mafuta ya breki yanababua rangi: tone likidondokea tenki, mwagia maji mengi mara moja, kufuta kwa kitambaa kikavu kunayaeneza tu.

Kama unaweza kupata spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, itumie. Kama huna, fahamu angalau kwamba niple ni dhaifu, ina tundu katikati, na inakazwa kwa Nm 5 hadi 8 tu. Hiyo ni nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi.

Kabla ya kufungua niple

Upepo unaweza kutolewa kutwa nzima bila faida kama kazi ya chini haikukaa sawa. Anza na diski. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani. Isafishe pande zote mbili kwa dawa ya kusafishia breki au spiriti, kwa kitambaa safi, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mafuta ya taa na dizeli huacha utando, usitumie. Pale diski inapokaa kwenye habu pakwanguliwe kutu na rangi. Punje moja ya kutu hapo inaipindisha diski, na diski iliyopinda inazirudisha pistoni nyuma kila tairi linapozunguka. Matokeo yake ni leva inayokwenda mbali ile mara ya kwanza unapoibana na kuwa ngumu ya pili. Mtu huapa kwamba ni upepo, kumbe ni diski. Tairi likiwa juu, funga waya mgumu kwenye bomba la shokapu ncha yake ikikaribia diski, kisha zungusha tairi uangalie pengo. Miongozo mingi ya kiwanda inataka mchezo usiozidi mm 0.3, na mingine ni mikali zaidi.

Kama unarudisha diski ya zamani, pima unene wake mahali palipolika zaidi. Ukomo umechapwa kwenye diski yenyewe, karibu na maandishi MIN TH (unene wa chini unaoruhusiwa), kwa mfano 3.5 mm au 4.0 mm. Chini ya hapo ni chuma chakavu. Bolti za diski zipakwe gundi ya kuzuia kulegea, kisha zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa torki ya mwongozo wa pikipiki yako. Kwa bolti hizi usikisie kutoka pikipiki nyingine, kwa sababu tofauti kati ya modeli ni kubwa.

Kwenye kalipa, pini mbili za kutelezea ndizo zinazoamua kama pedi zitashika sawa. Zitoe, zifute, zipake grisi ya silikoni au grisi nyekundu maalumu ya mpira. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha vile viraba vya pini na kuikwamisha kalipa. Kalipa iliyokwama inakula pedi moja tu na kuibonyeza diski upande mmoja, na leva inakuwa na ulaini ambao hakuna kiasi cha mafuta kitakachouondoa.

Kabla hujazisukuma pistoni ndani, zisafishe sehemu iliyo nje kwa mswaki na mafuta kidogo ya breki. Vumbi na tope lililokauka likipita kwenye sili litaikwangua, na uvujaji unaanza hapo. Sukuma kwa vidole au kwa kibao, polepole na kwa usawa. Kama mafuta yako ni machafu, unganisha mpira kwenye niple, ifungue nusu mzunguko, sukuma pistoni, kisha funga niple kabla ya kuachia. Uchafu uliotulia chini ya kalipa unatoka nje moja kwa moja badala ya kupanda hadi masta silinda. Kama mafuta ni safi na hutaki kufungua, basi fungua kifuniko cha juu na uyapunguze kwa bomba la sindano kwanza, la sivyo yatafurika yakimwagikia tenki.

Kaza kalipa, pampu leva mpaka pedi ziiguse diski, ndipo uanze.

Kutoa upepo

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati. Zungusha usukani mpaka kikopo cha mafuta kikae usawa. Kwenye pikipiki nyingi hilo linatokea usukani ukielekea kushoto kidogo. Funika tenki na taa kwa kitambaa kilicholowa maji. Safisha kifuniko cha kikopo kabla ya kukifungua, hasa pembeni mwa skrubu. Punje za mchanga zinazoanguka ndani zitakwenda kuziba tundu ambalo tutalizungumzia. Skrubu hizo ni laini na huota kutu, kwa hiyo gandamiza bisibisi kwa nguvu kabla ya kuizungusha. Nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, futa mashapo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ujaze mafuta mapya hadi mstari wa juu. Usibane leva wakati kikopo kiko tupu.

Sasa angalia sakafu ya kikopo. Kuna matundu mawili, moja kubwa linaloonekana kirahisi, na jingine dogo kama ncha ya pini. Lile dogo ndilo linalorudisha mafuta kwenye kikopo unapoachia leva. Bana leva kidogo sana, mm chache tu, uachie, urudie. Utaona kijichemchemi kikiruka juu ya tundu dogo, na mara nyingi viputo vikitoka. Endelea hivi mpaka viputo viishe. Dakika tano za kazi hii huondoa upepo uliokaa ndani ya masta silinda, ambao ungeusukuma mita nzima ya hozi kwenda chini bila sababu. Kama kijichemchemi hakionekani kabisa, tundu limeziba, na masta silinda inahitaji kufunguliwa na kusafishwa.

Shuka chini. Vua kofia ya mpira ya niple, pachika spana ya ringi kwanza, kisha mpira angavu juu yake, na ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta mapya yenye kina cha sm 2. Mpira upande juu kidogo kutoka kwenye niple kabla ya kushuka kwenye chupa. Kwa njia hiyo juu ya niple panabaki mafuta na si hewa. Halafu:

1. Bana leva mara tatu au nne polepole, ya mwisho uishikilie.
2. Ukiwa umeishikilia, fungua niple robo mzunguko. Leva itazama, mafuta na viputo vitapita kwenye mpira.
3. Kabla leva haijafika mwisho, funga niple.
4. Niple ikishafungwa, na si kabla, achia leva polepole. Hesabu sekunde mbili, urudie.

Mpangilio wa hatua ya tatu na ya nne ndio moyo wa kazi hii. Ukiachia leva niple ikiwa wazi, pistoni ya masta silinda inaporudi inanyonya kutoka chini, na unachokinyonya ni upepo uleule uliotoka kuusukuma nje. Wakiwa watu wawili, anayeshika leva aseme neno moja kila hatua, “chini” inapozama, na asiachie mpaka aliye kwenye spana ajibu “imefungwa”. Mtu mmoja anaweza pia. Kwa pikipiki ndogo mkono wa kulia unafika kwenye leva na wa kushoto kwenye niple.

Kila baada ya mibano minne au mitano, inuka utazame kikopo. Ni kidogo na kinaisha haraka kuliko mtu anavyodhani. Kikishuka chini ya mstari wa chini, ongeza. Kikikauka umerudi mwanzo kabisa, upepo umeingia kuanzia juu. Weka kifuniko juu yake bila kukifunga ili mafuta yasiruke wala vumbi lisiingie.

Usipampu kwa haraka. Ukipampu kwa kasi unavipasua viputo vikubwa kuwa vidogo vidogo, mafuta yanakuwa kama maziwa, na viputo vidogo vinang’ang’ania ukuta wa hozi. Ukishafanya hivyo, pumzisha nusu saa kabla ya kuendelea.

Endelea mpaka mafuta yanayotoka yawe na rangi ileile ya yaliyo kwenye chupa mpya, na mibano kumi mfululizo ipite bila kiputo. Kwa breki iliyokuwa na mafuta machafu, ml 100 hadi 150 hupita. Kaza niple, futa, rudisha kofia yake.

Upepo unaokataa kutoka

Viputo vinapenda kupanda, nasi tunavisukuma kwenda chini. Ndiyo sababu mfumo uliofunguliwa kabisa, mathalani baada ya kubadili hozi, unaweza kusumbua siku nzima. Dawa yake ni kusukuma kutoka chini. Punguza mafuta ya kikopo hadi robo. Jaza bomba la sindano mafuta mapya, ondoa upepo wote kwenye sindano na kwenye mpira wake, unganisha kwenye niple, fungua niple nusu mzunguko, kisha sukuma polepole huku mwenzako akiangalia kikopo na kunyonya kinachofurika. Usiguse leva wakati huo. Ikibanwa inaziba lile tundu la kurudishia. Ml 40 au 50 huwa zinatosha kuviinua viputo vyote. Funga niple kabla ya kuondoa sindano. Njia hii inafaa mafuta yakiwa safi tu, vinginevyo unaupandisha uchafu wa kalipa kwenye masta silinda.

Sehemu inayoficha kiputo cha mwisho mara nyingi ni pale hozi inapoungana na masta silinda, kwenye bolti ya banjo, hasa ikiwa juu kuliko kikopo. Funga kitambaa kuzunguka bolti, bana leva na uishikilie, legeza bolti kidogo mpaka mafuta yachuruzike, ikaze, ndipo uachie leva. Torki ya bolti hii huwa kati ya Nm 23 na 35 kulingana na modeli, na kila inapotolewa washa zake mbili za shaba au alumini zibadilishwe. Mwagia maji mahali hapo ukimaliza.

Kilichobaki baada ya hapo huisha usiku. Zungusha usukani ili masta silinda iwe juu kabisa, bana leva kwa nguvu ya kawaida, ifunge kwa mpira wa tyubu kwenye mpini, uiache hadi asubuhi. Viputo vidogo vitapanda na kukusanyika chini ya masta silinda. Ukifungua mpira huo asubuhi, vitaingia kwenye kikopo. Gongagonga hozi na kalipa kwa mpini wa bisibisi kabla ya kulala, inasaidia. Lakini njia hii ni ya kumalizia. Leva iliyokuwa inagusa mpini haitaponywa na mpira wa tyubu.

Wakati mwingine viputo vinakuja bila kikomo ingawa leva imeshakuwa ngumu. Hapo upepo unaingia kupitia meno ya niple, ukionekana kwenye mpira lakini haumo kwenye breki. Hutokea zaidi ukinyonya kwa sindano kutoka chini. Iamini leva kuliko mpira. Ukitaka uhakika, toa niple, izungushie utepe mweupe wa mabomba mara mbili kwenye meno ya juu tu, bila kuifikia ncha yenye umbo la koni. Ncha hiyo ndiyo inayoziba na haitakiwi kuwa na kitu.

Breki ya nyuma ya diski inafanyiwa vilevile kwa pedali, ila kagua niple iko wapi. Kama kalipa imekaa kiasi kwamba niple haiko juu kabisa, ifungue kwenye bolti zake bila kukata hozi, iinue mpaka niple ielekee juu, weka kibao chenye unene wa diski kati ya pedi ili pistoni zisiruke nje, utoe upepo hivyo.

Pikipiki zenye ABS (mfumo unaozuia tairi kukwama unapofunga breki) hufanyiwa kwa njia hii iwapo kifaa cha ABS hakikufunguliwa wala kikopo kukauka. Upepo ukishaingia ndani ya kifaa hicho, baadhi ya modeli huhitaji kompyuta ya kukiendesha ndipo utoke.

Leva inakwambia nini

Mafuta yakiwa safi na viputo vimekwisha, tatizo linalobaki lisomwe kwenye mkono. Bana leva kwa nguvu na uishikilie nusu dakika. Ikizama polepole kuelekea kwenye mpini, kuna mahali panavuja: kagua bolti ya banjo, niple, na nyuma ya pistoni za kalipa. Kote kukiwa kukavu, sili za ndani ya masta silinda zimechoka, na kutoa upepo tena ni kupoteza mafuta.

Ikiwa laini kila mara lakini haizami, na upepo umekwisha kweli, tazama hozi mwenzako akiibana breki. Hozi ya zamani huvimba, na kuvimba kwake kunaonekana kwa macho au kuhisiwa kwa vidole. Hakikisha pia bamba la nyuma la pedi limekaa bapa mbele ya pistoni na zile springi za bati hazikubanwa chini yake; pedi iliyokaa mshazari inapinda kama springi kila unapobana.

Leva ngumu kama jiwe na pikipiki haisimami: pedi au diski imeguswa na grisi au mafuta ya breki. Diski husafishika. Pedi zilizolowa mafuta hazisafishiki, hata kwa moto wala msasa, nunua nyingine.

Tairi halizunguki huru baada ya kuachia leva: kikopo kimejazwa kupita mstari, tundu dogo limeziba, pini za kalipa zimekauka, au leva haina nafasi huru kabla ya kugusa pistoni ya masta silinda. Hii ya mwisho hutokea leva ikibadilishwa na isiyo ya modeli hiyo. Usiiendeshe hivyo hata kwenda gereji ya jirani. Joto la pedi zinazoburuza linachemsha mafuta na breki inatoweka kabisa.

Jaribio na kuzoesha

Jaza kikopo hadi mstari wa juu, futa mpira wa ndani ya kifuniko na uurudishie mikunjo yake ili usiguse mafuta, kaza skrubu kwa wepesi. Bana leva kwa nguvu zako zote mara tano, kisha kagua kila kiungo kwa kitambaa cheupe kikavu. Leva isimame mbali na mpini kwa upana wa vidole viwili au zaidi. Sukuma pikipiki kwa mguu, jaribu breki kwa mwendo wa kutembea, ndipo uwashe.

Pedi mpya kwenye diski mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Tafuta barabara tupu, panda hadi km 50 kwa saa, punguza kwa breki ya mbele kwa nguvu ya wastani hadi km 10, bila kusimama kabisa, kisha endesha robo tatu ya kilomita ipoe. Rudia mara ishirini. Unapandikiza utando mwembamba wa pedi kwenye diski, nao ndio unaoshika. Ukisimama na kuendelea kubana pedi za moto mahali pamoja, zinaacha alama hapo na leva itatetema baadaye. Usibebe abiria mpaka uzoeshaji uishe.

Baada ya km 100 hivi kagua tena usawa wa mafuta, bolti mbili za kalipa, na eneo la niple. Usawa ukishuka kidogo ni kawaida, pedi zimekaa mahali pake. Ukishuka zaidi ya mm chache, kuna uvujaji. Mafuta ya zamani yafungie kwenye chupa iliyoandikwa, mbali na watoto, maana ni sumu na yana utamu unaodanganya. Usiyamwage kwenye mtaro, wala usiyachanganye na oili chafu ya injini ambayo wengine huikusanya kwa matumizi mengine.